Mawimbi Yanayopumzika Saa Saba

4 Februari
Kumb. Na. DADA/1

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu Shangazi, na meno yake mapya nayasalimu kama yameshamzoea. Mimi mzima wa afya, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nalo limestaafu bila kunipa taarifa. Watoto walinipigia simu Jumamosi, wote hawajambo. Mwanangu mkubwa bado ana wazo lake la kufuga sungura, nimemwacha.

Utaona juu nimeweka kumbukumbu namba. Usicheke. Miaka thelathini na sita nimekaa masjala, sijawahi kuandika barua isiyo na namba, na sitaanza uzeeni. Simu ninayo, lakini simu haina nakala, na mambo ya maana hayasemwi kwenye kitu kisicho na nakala. Nimekufungulia jalada lako, jipya, la kijani. Kila barua naiandika mara mbili, moja yako, moja ya jalada. Nawe uwe unaweka namba.

Sasa habari yenyewe. Nimefika, nimehamia, na nyumba ni ile ile aliyotueleza dalali. Ina milango miwili ya mbele, kama tulivyokubaliana siku ile baada ya kumzika mke wangu, kwamba tukistaafu sote tutakaa pamoja karibu na bahari, ila kila mtu na mlango wake. Wangu ni wa kulia, wako wa kushoto, jiko moja katikati. Mji ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya kwa fundi cherehani, unapewa pole posta. Kutoka hapa hadi posta ni hatua mia tatu na kumi na mbili, nimezihesabu. Kurudi ni mia tatu na ishirini kwa sababu ya goti.

Na bahari. Mdogo wangu, bahari naisikia nikiwa kitandani. Saa mbili kamili asubuhi mawimbi yanaanza, yananguruma mpaka dirisha linatetemeka, saa saba yananyamaza, saa nane yanaendelea tena mpaka jioni. Jumapili ni kimya kabisa, mtu unapumzika.

Staafu salama mwisho wa Aprili, uje Mei. Mlango wako nimeshaupaka rangi.

Ni mimi kaka yako,
Karani wa Masjala (Mstaafu)


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Shangazi kapokea salamu, meno hajayapokea. Anayaweka kwenye kikombe, anakula bila hayo, halafu wakija wageni anayavaa ili wamwone. Mjukuu wangu wa katikati naye ameng'oka mawili, kwa hiyo nyumba hii ina meno mengi nje ya vinywa kuliko ndani. Vinginevyo sote wazima.

Namba sitaweka. Barua yangu ina muhuri wa posta niliouweka kwa mkono wangu, una tarehe, umenyooka, uko kona ya juu. Miaka thelathini na moja nimekaa dirisha la pili, sijaweka muhuri upande hata siku moja. Ukitaka kujua barua ni yangu tazama muhuri.

Nimefurahi nyumba ni nzuri. Ila niulize kitu. Mawimbi gani hayo yanayoanza saa mbili kamili? Saa saba yanakwenda kula? Na Jumapili hayaji kazini? Nimemsomea Shangazi, amesema katika miaka yake themanini na minne ameiona bahari mara moja tu, lakini ile aliyoiona haikuwa na ratiba.

Mlango ni rangi gani?

Mdogo wako


8 Machi
Kumb. Na. DADA/2

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako isiyo na namba nimeipokea na nimeipa namba mwenyewe, kwa huruma. Mpe Shangazi pole. Goti ni lile lile. Mwanangu mkubwa amenunua sungura wawili, wote wa kiume, na anasubiri wazaliane. Sikumwambia kitu, kila mtu ajifunze kazi yake.

Mlango wako ni wa samawati. Kuhusu hoja yako ya mawimbi, suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Utajulishwa.

Nikueleze mambo ya huku. Jirani wa upande wako ni kinyozi, mtu mwema, anaongea kuliko anavyonyoa. Nilikaa kwenye kiti chake saa mbili nzima, nikatoka amemaliza nusu ya kichwa, ya pili nikaifuata kesho yake. Ana mbuzi. Mbuzi huyo anachongwa ndevu kila Ijumaa, kwa hiyo anajiona mtu. Sasa mlango wako sijautia komeo, nilisema mwenyewe atakuja achague komeo analolitaka, na mbuzi amelijua hilo. Kila siku saa nne anausukuma kwa kichwa, anaingia, analala chumbani kwako mpaka alasiri, anaondoka.

Nimefungua jalada: MBUZI WA KINYOZI, MALALAMIKO. Limefika folio ya kumi na moja, kila karatasi na namba yake. Nilimwandikia kinyozi barua rasmi. Aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, akanisifu kwa mwandiko, akaitundika kando ya kioo. Mbuzi bado anaingia.

Tangu siku hiyo mji mzima unaniita Bwana Faili. Niliwaeleza kwamba neno sahihi ni jalada. Sasa wananiita Bwana Faili Neno Sahihi Ni Jalada.

Kaka yako,
K.M. (Mst.)


27 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole na kichwa. Sisi wazima. Shangazi aliposikia kuna mbuzi anayechongwa ndevu, alifunga begi lake siku hiyo hiyo. Liko mlangoni, kila anayeingia anajikwaa. Anasema anakuja nami na hataki mjadala. Atalala chumba changu, kwa hiyo mwambie mbuzi tutakuwa watatu.

Kazini zimebaki wiki tano. Wameniletea binti nimfundishe achukue dirisha langu. Ana adabu, anawahi, lakini muhuri anaugonga kama anaua mende. Nimemwambia mara mia, muhuri haupigwi, unawekwa. Ananiitikia vizuri, halafu anaua mende mwingine. Siku nikiondoka sijui watu watasomaje tarehe.

Naihesabu siku hiyo kila asubuhi. Nimechoka kusimama, Kaka. Nitakuja nikae kwenye mlango wangu wa samawati nisimtazame mtu usoni mpaka nitake.

Ila nijibu jambo moja, kwa neno moja, uache mambo ya linafanyiwa kazi. Bahari unaiona?

Mdogo wako


15 Aprili
Kumb. Na. DADA/3

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwa Shangazi na begi.

Neno moja: Inaonekana.

Maelezo ya ziada: inategemea mtu amesimama wapi. Dalali alisema bahari iko dakika tano, na hakudanganya, ila hakusema dakika tano za chombo gani. Kwa miguu yangu ni saa moja na nusu, na robo ya muda huo ni kukaa chini. Lakini nyumba ina tangi la maji juu ya nguzo za matofali. Ukipanda juu ya tangi, ukasimama kwa vidole, kinyozi akakushika miguu, unaona mstari wa buluu, mwembamba, kati ya paa la shule na mnara wa simu. Hiyo ndiyo bahari. Kinyozi anadai ni bati la bohari mpya, lakini kinyozi hajawahi kupanda, kazi yake ni miguu.

Baada ya ukaguzi huo nilikwenda zahanati kwa ajili ya goti. Muuguzi aliniuliza nilikuwa nafanya nini juu ya tangi umri huu. Nikamwambia nilikuwa nastaafu.

Basi linaingia hapa Alhamisi tu, saa sita mchana. Niambie Alhamisi ipi. Au usiniambie, nitakuwepo tu kituoni.

Kaka yako,
K.M. (Mst.)


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sote wazima. Samahani nimechelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi.

Waliniaga vizuri mwisho wa Aprili. Hotuba mbili, keki, na saa ya ukutani. Lakini hapo hapo mkuu wa posta akaniomba nibaki mpaka mwisho wa mwaka, maana dirisha la pili haliwezi kukaa bila mtu anayelijua. Nikaona nisiwaangushe. Na Shangazi naye amebadili nia, hataki tena kuhama, unawajua wazee.

Kwa hiyo Mei siji. Juni nayo sidhani. Wewe uko vizuri huko, una mawimbi yako, una kinyozi, una watu wa kukuita majina, hakuna haraka.

Mwambie mbuzi aendelee.

Mdogo wako


14 Juni
Kumb. Na. DADA/5

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imepokelewa na yaliyomo yamezingatiwa. Salamu kwa wote.

Usiwe na wasiwasi. Huku mambo ni mazuri mno, hata sijui nikueleze lipi. Nina shughuli tele. Ni kweli kwamba Alhamisi zote za Mei, na mbili za Juni, nilionekana kituo cha basi na kiti changu cha kukunja. Nilikuwa na shughuli nyingine.

Mwanangu mkubwa amegundua habari ya sungura. Hataki tuizungumze.

Mlango wako umechubuka chini kwa ajili ya pembe za mbuzi. Sijaupaka tena. Hakuna haraka, kama ulivyosema.

Kaka yako,
K.M. (Mst.)


1 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima, mpe mwanangu mwenye sungura pole zangu.

Nimezipanga barua zako mezani, Shangazi akiwa shahidi. Nina ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano. Ya nne iko wapi?

Usiniambie posta imeipoteza. Njia ya lile gunia kutoka kwako mpaka hapa naijua kituo kwa kituo, na anayelipakia kila kituo namjua na mkewe. Gunia halijapotea. Na mtu wa masjala haruki namba. Wewe ulimrudisha mkurugenzi mzima mlangoni kwa sababu jalada lake lilikuwa na folio ya saba mara mbili. Mtu wa namna hiyo hatoki tatu akaingia tano kwa bahati mbaya.

Uliandika kitu, Kaka. Ulikiandika, ukakipa namba, hukukituma. Ni nini?

Mdogo wako


16 Julai
Kumb. Na. DADA/6

Mdogo wangu,

Marahaba. Kuhusu DADA/4: ililiwa na mbuzi. Nakala ya jalada nayo ililiwa na mbuzi. Jalada lenyewe hakuligusa. Hayo ndiyo maelezo rasmi na sina cha kuongeza.

Sasa nami nina hoja. Bahasha zako zote ninazo, nimezipanga kwa tarehe. Ya Februari, muhuri uko kona ya juu, umenyooka, tarehe inasomeka hata bila miwani. Ya Machi vile vile. Ya Mei, muhuri umelala upande. Ya Julai, muhuri uko juu ya jina langu, miguu juu kichwa chini, na wino umetokea nyuma ya bahasha.

Huo si mkono wako. Wewe wiki uliyorudi kazini kutoka kumzika mumeo uliniandikia, na ule muhuri ninao hapa mbele yangu. Machozi yako yalitia doa kwenye karatasi, muhuri ukanyooka. Kwa hiyo aliyeko dirisha la pili ni yule binti wa mende. Na kama yeye ndiye yuko dirishani, wewe uko wapi?

Pia: Machi uliandika kwamba begi la Shangazi liko mlangoni na hataki mjadala. Mei ukaandika amebadili nia. Shangazi namjua tangu nazaliwa. Hajabadili nia hata kuhusu chumvi.

Naomba maelezo kwa maandishi.

Kaka yako,
K.M. (Mst.)


6 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi. Shangazi mzima, begi lake bado liko mlangoni, na mimi ni mwongo.

Hakuna aliyeniomba nibaki. Nilistaafu tarehe thelathini Aprili, wakanipa saa, wakala keki, wakanishika mkono, basi. Mei Mosi ilikuwa sikukuu. Kesho yake nikaamka saa kumi na moja, nikaoga, nikavaa sare, nikafika posta kabla ya mtu yeyote. Mlinzi akanifungulia kwa mazoea. Nilipofika katikati ya ukumbi ndipo nikakumbuka. Niliona aibu kugeuka, nikaketi kwenye benchi la wateja, nikasema nangoja barua. Kaka, nimeingoja miezi mitatu. Kila siku nanunua stempu moja ili nionekane nina shida. Ninazo za kutosha kumwandikia kila mtu aliyewahi kunikosea.

Halafu nikaanza kusahihisha, hapo hapo benchini. Binti, kushoto kidogo. Binti, wino umezidi. Imefika mahali mteja akihudumiwa ananigeukia mimi kwanza kuona kama nimeridhika. Siku nilipopeleka ile barua niliyokuandikia Julai nilimwomba binti anipe muhuri niuweke mwenyewe, mara moja tu. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Bibi, wateja hawaruhusiwi upande huu." Si kosa lake, sheria hiyo nilimfundisha mimi. Nilirudi nyumbani nikalia. Shangazi aliponiona akavaa meno ya juu chini na ya chini juu, akanisemesha hivyo hivyo mpaka nikacheka, halafu akashindwa kuyatoa, tukamwita jirani.

Unauliza kwa nini sikuja. Niliogopa kwamba nikipanda lile basi nitakuwa nimestaafu kweli. Hapa angalau nina benchi. Huko nitakuwa nani? Wewe una majalada yako, una shughuli tele, mji unakujua. Katika barua zako zote sikuona mahali palipobaki wazi. Nikasema kaka hanihitaji, ule mlango ameupaka rangi kwa sababu aliahidi. Sitaki kuwa ahadi ya mtu.

Haya, nimesema. Zamu yako. Barua ya nne, Kaka, na mbuzi asihusishwe.

Mdogo wako


18 Agosti
Kumb. Na. DADA/7

Mdogo wangu,

Marahaba. Naambatisha folio iliyokosekana.

Mbuzi amefutiwa shtaka. Alikuwepo, lakini hakula kitu. Niliandika, nikaweka jaladani barua yenyewe na nakala yake pamoja, jambo ambalo masjala halifanyiki. Barua ya kutoka inatoka, inabaki nakala. Ukikuta vyote viwili vimelala humo, ujue mwandishi aliogopa.

Isome, kisha fanya utakavyo.

Kaka yako

(Kiambatisho)

2 Juni
Kumb. Na. DADA/4

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako kwamba huji. Nakusalimu, namsalimu Shangazi, mimi si mzima sana.

Mawimbi ni mashine ya kusaga nafaka. Iko nyuma ya ukuta wa kitanda changu. Nilijua tangu siku ya pili, niliposahau kufunga dirisha nikaamka kutoka usingizi wa mchana na nyusi nyeupe, nikadhani ni uzee umenijia kwa mkupuo. Bahari siioni. Kinyozi amenishika miguu mara tatu, na mara ya tatu niliona mtu anatembea juu yake akipigilia misumari. Ni bati la bohari.

Shughuli sina. Asubuhi nafungua majalada yangu. Ninayo kumi na manne, la mbuzi, la goti, la mashine, la bawaba inayolia, mengine naona haya kukutajia. Jioni nayafunga. Hakuna anayekuja kuomba hata moja. Masjala watu walinichukia, nilikuwa nawasumbua, najua. Lakini walikuja. Chai bado nateleka ya watu wawili. Kikombe cha pili nakinywa mimi kikiwa kimepoa.

Mbuzi simfukuzi. Nimeandika folio thelathini za kumlalamikia, lakini saa nne ikikaribia namsikilizia. Ikifika na robo hajatokea, naenda kwa kinyozi kuuliza kama anaumwa. Akishalala naacha mlango wa jikoni wazi, nasikia kuna anayepumua upande wa pili.

Kituoni ninakwenda kila Alhamisi. Dereva ameshanizoea. Akifungua mlango wa basi anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Nakuhitaji, mdogo wangu. Ahadi iweke pembeni, hata tusingeahidiana ningekuhitaji. Unanicheka vizuri sana kwenye barua. Njoo unicheke hapa, nikusikie.

Kaka yako


Alhamisi, 5 Septemba
Saa saba na dakika tano mchana

Kaka,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, geuza bahasha utazame muhuri. Kona ya juu? Umenyooka? Sasa vaa miwani usome ni muhuri wa posta gani.

Basi linashusha magunia ya barua posta kwanza, ndipo linakwenda kituoni. Miezi yote hii hukulijua hilo, kwa sababu mtu wa masjala anadhani barua inazaliwa mezani kwake. Mimi, Shangazi, begi na saa ya ukutani tumeshuka pamoja na magunia. Nilimwambia Shangazi naingia mara moja tu kutazama palivyo.

Karani wa hapa ni mzee peke yake na dirisha moja. Mkono wake unatetemeka, na gunia la wiki iliyopita hajalimaliza. Nikamwambia, naomba nikusaidie barua moja. Akanitazama, akafungua kile kimlango cha kaunta. Hakuniuliza mimi ni nani, Kaka, amenipa muhuri. Nimefanya barua mia moja na kumi, hakuna hata moja niliyoipiga muhuri, zote nimeziwekea. Hii yako ni ya mwisho. Ananiuliza kesho nitafika saa ngapi. Nimemwambia kesho nina kaka, anitegemee keshokutwa.

Barua anakuletea kinyozi. Aliingia kutuma kifurushi, akanisikia nakutaja, hajanyamaza tangu hapo. Nimeshajua habari za tangi, za muuguzi, na kwamba mbuzi ukimkosa unamfuata kwake na karoti. Anasema sasa hivi uko kituoni na kiti chako cha kukunja, kwa shughuli nyingine. Anasema leo dereva hakutikisa kichwa, alicheka, nawe umegoma kuondoka mpaka akuambie anacheka nini. Mwache aende, maskini, nilimwapisha.

Kunja kiti uje posta. Usikimbie, tunalijua goti. Komeo la mlango wangu sinunui, mbuzi aendelee kuingia, ila apatane na Shangazi kuhusu kitanda.

Shangazi amekalia begi lake hapa nje, amevaa meno kwa heshima yako. Anatega sikio huku na huku, anauliza yako wapi yale mawimbi uliyoyasifia. Nimemwambia ni saa saba, yamekwenda kula.

Mdogo wako